"Got" inapomvusha mteja mpaka Dar kabla hajapanda ndege

*"Mwalimu, nafanya kazi kwenye kampuni ya kuklia, yaani kugomboa, mizigo hapa Dar es Salaam. Jumanne mteja wetu wa Lusaka aliniandikia: 'I've got to get to Dar by Friday.' Shuleni nilifundishwa get ni kupata au kufika, na got ni wakati uliopita. Nikaelewa ameshafika Dar tangu Ijumaa. Nikamwambia bosi. Bosi akaanza kupiga simu hoteli za Posta kumtafuta, huku amenuna akidhani mteja amekuja kimyakimya kuonana na kampuni nyingine. Kumbe mwenyewe yuko kwake Lusaka. Siku hizi ofisini naitwa 'Dada Got'. Nilifungua kamusi nikakuta maana zinajaza ukurasa mzima, nikaifunga. Hivi hili neno lina maana ngapi? Mwenzangu anasema watu waliosoma hawaliandiki kabisa. Na kwenye sinema za Marekani nasikia gotten, ambayo mwalimu wetu alisema haipo. Nianze kozi upya, au umri umeshanitupa mkono?"*

Pole na jina la utani, dada yangu. Likikuuma sana, jua kwamba mimi miaka ile naanza kufundisha niliwahi kumwambia mgeni mmoja pale Kariakoo kwamba rafiki yangu "got a doctor", nikimaanisha amekuwa daktari. Mgeni akanipa pole na kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Nitalirudia hilo mbele, maana lina somo lake.

Umeuliza maana ni ngapi, lakini ninavyosoma barua yako kinachokusumbua hasa ni hofu kwamba Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Sioni hivyo. Ulipewa kanuni, ukaifuata kwa uaminifu, nayo ikakuangusha kwa sababu ilikuwa nusu. "Get, got, got, kupata" tuliimba wote darasani, na hakuna aliyetuambia kwamba umbo la got ni la wakati uliopita lakini kazi yake mara nyingi ni ya leo.

Tuifungue sentensi yenyewe. "I've got to" maana yake ni sina budi, yaani inanibidi. "Get to Dar" ni kufika Dar. "By Friday" ni isizidi Ijumaa. Kwa hiyo alikuambia: inabidi niwe nimefika Dar kabla Ijumaa haijaisha. Hamna tendo hata moja lililokwisha kutokea hapo. Alikuwa anakuomba, kwa adabu ya kizungumkuti, umwandalie mambo.

Sasa kwa nini neno la jana linasema habari za leo? Jibu unalo mdomoni kila siku. Mtu akikuuliza mama yule amevaa nini, unasema amevaa kitenge. Kitendo cha kuvaa kilikwisha asubuhi nyumbani kwake, lakini wewe husimulii asubuhi, unasimulia kilicho mwilini mwake sasa hivi. Mtoto amelala. Abiria amesimama. Mzee amekaa barazani. Ile -me- inabeba tendo lililokwisha na kukuachia hali iliyobaki. Waingereza walilifanyia have got jambo hilohilo. Zamani "I have got a house" ilikuwa nimepata nyumba. Aliyepata nyumba anayo nyumba, na kidogo kidogo watu wakaacha kufikiria kule kupata, ikabaki kuwa nayo tu. Leo "I've got two children" ni nina watoto wawili, basi. Hakuna anayeuliza uliwapata lini.

Utasema, kama have peke yake inatosha kusema "ninacho", got wameibakiza ya nini? Sikiliza wanavyotamka. Have ikifupishwa inabaki pumzi tu kwenye meno: I've, she's, they've. Neno dogo kiasi hicho halibebi mzigo, likakodiwa msaidizi.

Kwa hiyo ukikutana na got, kitu cha kwanza tazama kushoto kwake. Ukikuta have, has, 've au 's imeikalia karibu, mara nyingi sana unasoma habari ya sasa. "He's got the documents" ni nyaraka anazo. "Have you got the release order?" ni je, kibali cha kutoa mzigo unacho? Jibu lake ni "Yes, I have", unaishia hapo, bila kurudia got. Na ukitaka kuipeleka habari hiyo nyuma, got inakaa pembeni na have inarudi kazini: nilikuwa na watoto wawili ni "I had two children", inanilazimu ya jana ni "I had to". Hata ya kesho ni hivyo: "I will have". Ukiandika "I had got two children" msomaji anabaki na swali kichwani.

Kushoto kukiwa hakuna kitu, yaani "I got" kavu, hapo ndipo kanuni yako ya shuleni inapofanya kazi: ni jana. "I got your email" ni nilipata barua pepe yako. Lakini kuna mtego mmoja unaohusu moja kwa moja sentensi iliyokuponza. Linganisha "I've got to see the manager" na "I got to see the manager". Ya kwanza ni sina budi nimwone meneja. Ya pili ni nilipata kumwona meneja, yaani nafasi ilipatikana, mlango ulifunguka. Kiswahili kinao muundo huohuo kabisa: "hujapata kuona", "nilipata kusikia habari zake". Wazee wetu wanautumia sana, vijana wa Dar wameuacha kidogo. Wewe ukiukumbuka, "got to" ya namna hii haitakupa shida tena.

Nikuonye lakini: kwenye simu, na kwenye ujumbe wa haraka, watu hudondosha ile 've. Wanasema "I got to go", au wanaibana zaidi ikawa "gotta", na bado wanamaanisha inabidi niende. Hapo kushoto hakukusaidii, unategemea mazungumzo yenyewe. Mtu anayeangalia saa huku anasema "I got to go" hakusimulii kwamba alibahatika kwenda.

Baada ya kushoto, tazama kulia. Hapa ndipo kamusi ilipokuchosha, kwa kuwa inakupangia maana moja moja kama vitu vya mnadani. Mimi naona mfupa ni mmoja: got inasema kuna mabadiliko, ulikuwa huku ukaingia kule. Kinachofuata kulia ndicho kinachotaja umeingia wapi. Kikifuata kitu, kimeingia mikononi mwako: "got a letter". Pakifuata mahali, wewe umeingia hapo: "got to Kimara", "got home". Ikifuata sifa, umeingia kwenye hali hiyo: "got wet", ulilowa; "got angry", ulikasirika.

Hiyo ya hali inastahili muda wako, kwa sababu wanafunzi wangu wengi huchanganya "I was tired" na "I got tired" wakidhani ni mtindo tu. Kiswahili hakichanganyi. Nilichoka ni "I got tired": kulikuwa na dakika ambapo uchovu uliingia. Nilikuwa nimechoka ni "I was tired": ulipofika, uchovu ulishakaa. Vivyo hivyo aliolewa ni "she got married" na alikuwa ameolewa ni "she was married". Ukisema "when I came to Dar I got married" umesema ndoa ilifungwa baada ya kufika. Ukisema "I was married" ulikuja na pete yako kidoleni. Kabla ya kuandika, iseme kwanza kwa Kiswahili moyoni, usikie ni -li- au ni alikuwa ame-. Hii inafanya kazi kwa hali nyingi za mwili na moyo. Na ukikumbuka kwamba ndoa inafuatwa na "to", siyo "with", utakuwa umewapita wengi.

Sasa yule daktari wangu. Kwa kuwa "got angry" ni alikasirika, nilidhani "got a doctor" itakuwa akawa daktari. Lakini daktari ni jina, siyo sifa, na jina likifuata got linaingia mikononi: alipata daktari, alimpata wa kumtibu. Kuwa mtu wa kazi fulani ni "became". Dogo, ila ukilikosea mtu anakupa pole ya ugonjwa ambao haupo.

Twende kwenye makosa yanayotokana na pata yetu wenyewe, maana pata na got ni ndugu, lakini si mapacha. Tunasema dereva alipata ajali. Ofisi nyingi hapa mjini zinaandika "the driver got an accident", na mgeni anaelewa, lakini anajua papo hapo kwamba aliyeandika anafikiri kwa Kiswahili. Kiingereza husema "had an accident". Nilipata mtoto pia ni "had a baby". Lakini alipata mimba ni "got pregnant", kwa sababu hapo ni kuingia kwenye hali. Na "the driver got late", ninayoisikia kila wiki, haipo: dereva alichelewa ni "the driver was late". Ila "it got late" ipo, na ni muda ulikwenda, usiku ukaingia. Usiniulize kwa nini muda unaruhusiwa na dereva haruhusiwi. Lugha kila moja ina ukaidi wake.

Kubwa kuliko hayo ni la kuibiwa. Mtu ananyang'anywa simu kwenye foleni Ubungo, anakuja ofisini anasema "I was stolen my phone". Kwa Kiswahili niliibiwa simu ni safi kabisa, kwa sababu kile kiambishi cha -ia kinamruhusu aliyeumizwa akae mbele ya sentensi: mwizi aliniibia, mimi nikaibiwa. Kiingereza hakina mlango huo kwenye "steal". Kinachoibwa kwao ni kitu tu. Ukisema "I was stolen", umesema wewe ndiye uliyebebwa, na msikilizaji anashangaa umerudije. Hapa got inakuja kuokoa: "my phone got stolen", au "I got my phone stolen". Ukitaka kujitaja wewe mtu, badili kitenzi: "I got robbed".

Na tofauti ya "got stolen" na "was stolen"? Tukio ni lilelile, sauti ndiyo tofauti. Got ni sauti ya kusimulia, ya mtu aliyeguswa na jambo, iwe balaa au neema: got arrested, got sacked, got promoted, got paid. Was ni sauti ya karani. Ukimsimulia shoga yako, got inakaa vizuri. Ukijaza maelezo ya polisi au fomu ya bima, andika was.

Nimebakiza matumizi ambayo kwa kazi yako naona ni muhimu kuliko yote. Mtu wa kuklia hatoi mzigo mwenyewe. Anahangaika na nyaraka, anafuatilia kodi TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, anakwenda bandarini au bandari kavu, mpaka wenye mamlaka waachie kontena. Sasa ukimwandikia mteja "we released the container", umejipa mamlaka ya forodha. Mteja makini atajiuliza ninyi ni nani hasa. Sema "we got the container released": tulihangaika mpaka kontena likaachiwa, mwachiaji ni mwingine. Muundo ni got, kisha kitu, kisha kitenzi chenye umbo la kutendwa. Kwa Kiswahili tunalo umbo la kufanyiza: nilishonesha gauni, "I got a dress made", gari nililipeleka likatengenezwa, "I got the car fixed". Ukitaka kumtaja uliyemsukuma afanye, unamweka kati na unaongeza to: "we got the driver to sign", tulimfanya dereva asaini, na mara nyingi kuna harufu ya kubembeleza humo. Angalia mpangilio usikuponyoke, kwa sababu "we've got the released container" ni jambo lingine kabisa: kontena lililoachiwa tunalo sisi. Mteja akisoma hivyo atakuuliza mbona halijapakiwa kwenye lori.

Vile vidogo vya kupanda na kushuka, got on, got off, got out, got over, vipitie kwa kuvisikia tu. "I got on at Gerezani and got off at Morocco" ukiisema mara kumi ndani ya basi la mwendokasi inakaa yenyewe. Orodha yake ukiianza huimalizi.

Gotten ipo, dada, na ina umri mkubwa kuliko shule yetu. Neno get Waingereza hawakulizaa; liliingia kutoka kwa watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza na, kuanzia karne ya 9, wakahamia huko, ambao kwao lilikuwa geta. Usishangae neno la kila siku namna hiyo kuwa la kuazima, sisi tunahesabu sita, saba, tisa za Kiarabu na hakuna anayejiona mgeni. Kwenye Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 Hawa anapomzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD", na ya Kiswahili inasema nimepata mtoto mwanamume. Gotten palepale, pata palepale. Walowezi wa karne ya 17 wakavuka nayo bahari mpaka Amerika, ikadumu huko. Uingereza kwenyewe ikafifia, ikabaki kwenye masalia kama "ill-gotten", mali ya dhuluma. Shule zetu zimefuata Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana mwalimu wako aliikataa. Alipaswa kusema siyo ya kwetu, siyo kwamba haipo.

Tena Wamarekani wanaifanyia kazi nzuri. Kwao "I've got a car" ni ninalo gari, na "I've gotten a car" ni nimepata gari, juzijuzi tu. "I've got to see him" ni sina budi nimwone, "I've gotten to see him" ni nimepata kumwona. Kwa hiyo ukiisikia gotten kwenye sinema, usiwaze ni kosa. Jua kwamba pametajwa kupata kwenyewe, au kuingia kwenye hali, na kamwe si umiliki. Wewe kwenye barua za ofisi shikilia got, usichanganye mbili kwenye ukurasa mmoja.

Kuhusu mwenzako anayesema wasomi hawaandiki got: ana ukweli kidogo ameutia chumvi nyingi. Ni neno la mazungumzo, na kwenye barua rasmi mara nyingi lipo linalokaa vizuri zaidi: received kwa kupokea, obtained kwa kibali, became kwa kuwa, must au have to kwa lazima. Wapo walimu waliolipiga marufuku kabisa, nia yao ikiwa mwanafunzi atafute neno mahususi. Sina ugomvi na nia. Lakini marufuku hiyo imezaa watu wanaoandika "I received an accident", na hapo naona bora got ingeachwa iishi. Kwa mteja mliyezoeana, "Got it, thanks" inatosha, ila kumbuka ina maana mbili kama "nimekupata" yetu: nimepokea, au nimeelewa. Ukiwa umepokea waraka lakini hujausoma, andika "received", usije ukabanwa baadaye kwamba ulikubali.

Kozi? Kwa neno moja, hapana. Weka fedha yako. Chukua barua pepe za mwezi mmoja ulizotumiwa na wateja, tafuta kila got, uitazame kushoto na kulia, uandike Kiswahili chake pembeni. Nunua au pakua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza, siyo ile kubwa ya wenyewe. Utaona mifano imepangwa kwa kinachofuata neno, jinsi nilivyokueleza. Ila ukigundua taabu ileile inakupata kwenye had, been na would, au ukisoma unaelewa lakini kwenye simu wanakupotea, hapo tafuta mwalimu wa ana kwa ana. Mimi kupitia maandishi siwezi kusikia masikio yako yanakosea wapi. Na kuna jambo moja usilisuluhishe kwa kamusi wala kwa jibu langu: mkataba, madai ya bima, barua yenye neno la kulipa au kuwajibika. Mpelekee mwanasheria wenu, na ikihitajika tafsiri ya kutegemewa waulizeni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Kosa la hotelini linazaa jina la utani, la mkataba linazaa deni.

Umri haujakutupa mkono popote. Ninaye mwanafunzi mwenye wajukuu.

Sasa mjibu mteja wako kabla Ijumaa haijafika. Andika hivi: "We have got your papers ready, and we hope to get the container released before you get here." Karatasi zako tunazo, tayari, tunatumaini kontena litaachiwa kabla hujafika. Kisha mwoneshe bosi kabla hujatuma, umsomee na Kiswahili chake.